Siku Ambazo Hatukupima

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, walimu, ndugu na majirani, kwa desturi historia ya marehemu husomwa na mmoja wa ndugu, lakini nimeomba kuisoma mwenyewe, mimi Paschal Masele, mume wa marehemu, kwa kuwa nimeiandika kwa mkono wangu na ningependa niwajibike kwa kila tarehe iliyomo.

Marehemu Mwalimu Elina Kwandu alizaliwa tarehe 21 Mei 1955 hapa Sapiwi, Wilaya ya Bariadi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mboje na Mama Nyanjige, wakulima wa pamba na wafugaji, ambao wote wawili wametangulia. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, akachaguliwa kujiunga na Sekondari ya Wasichana Bwiru, Mwanza, mwaka 1970 hadi 1973, kisha akapata mafunzo ya ualimu Murutunguru, Ukerewe, na kuhitimu mwaka 1975.

Alianza kazi Januari 1976 katika shule ya msingi huko Migato, na mwezi Februari 1985 alihamishiwa katika shule hii iliyo ng'ambo ya barabara, akakabidhiwa darasa la sita na la saba kwa masomo ya hisabati na sayansi. Tulifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 1979, baada ya ng'ombe kumi na nne kufika kwa Mzee Mboje, na msimamizi wangu siku ile alikuwa Ndugu Kasmiri Maganga, rafiki yangu wa tangu utoto, ambaye baadaye alikuja kufundisha shule moja na marehemu na akawa anamwita shemeji. Mungu alitujalia watoto watatu, Mboje aliyezaliwa 1980, Veronica 1983 na Esteria 1987, wote wapo hapa.

Naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye kazi yake, kwa sababu wengi mnaijua nusu.

Tarehe 12 Januari 1987 marehemu aliwapeleka wanafunzi wa darasa la sita nyuma ya ofisi ya walimu, wakachimbia nguzo, wakafunga juu yake kopo la kupimia mvua nililowatengenezea, na tangu siku hiyo kila asubuhi saa tatu, Jumapili na likizo zikiwemo, wanafunzi wawili walipima maji ya mvua kwa rula. Mmoja alisoma na mwingine akaandika, kisha wakabadilishana, na kama hawakukubaliana walirudia mpaka wakubaliane, ndipo wote wawili wakaweka majina yao. Katika msimu wa kwanza kopo lilikaa chini sana, na kwa kuwa alisisitiza jicho liwe usawa wa maji, watoto walilala kifudifudi kwenye tope, wakaitwa darasa la tumbo chini, na akina mama wakaja shuleni kulalamikia sabuni. Sayi, ambaye leo ni mtu mzima na yuko hapa, alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, baba anasema yeye anajua mvua imenyesha bila kulala chini," naye akamjibu kwamba baba yuko sahihi, ila amuulize mwaka juzi mwezi wa pili ilinyesha mara ngapi.

Kwa madaftari hayo walijifunza wastani, sehemu na grafu, ambazo walichora kwanza uwanjani kwa majivu, hatua moja ya mguu ikiwa milimita kumi, na ilipofika mwaka 1992 wazazi walewale walikuwa wanasimama mlangoni mwa darasa la sita mwezi Novemba, kabla ya kupanda pamba, kuuliza miaka iliyopita mvua ya kupandia ilianza lini, na watoto wa miaka kumi na minne walifungua daftari na kuwajibu.

Kanuni yake ilikuwa moja, kwamba hakuna anayeandika namba ambayo hakuiona. Siku wasiyopima, waliandika "hatukupima" na sababu yake. Nazikumbuka nyingi: hatukupima, ng'ombe wa Mzee Nyanda wameangusha nguzo, hatukupima, Selestini amepoteza rula, na ya tarehe 17 Februari 1994, kwa mwandiko wa watoto wawili, hatukupima, tulikwenda kumzika Benedikta, ambaye alikuwa mwenzao wa darasa la sita. Katika miaka kumi na moja siku za namna hiyo zilikuwa sitini na tatu. Marehemu alikuwa akisema hizo ndizo kurasa anazojivunia, kwa sababu mtoto aliyekubali kuandika kwamba hajui, akikuambia kesho kwamba anajua, utamwamini.

Tarehe 6 Juni 1998, baada ya ile mvua kubwa ya mwaka uliotangulia, shirika moja lilitangaza mradi wa hali ya hewa kwa wakulima, na Ndugu Kasmiri alikuja nyumbani kwetu, akala chakula, akaazima madaftari yote kumi na moja kwa ajili ya semina ya siku tatu Shinyanga. Ripoti ilitoka mwezi Septemba ikiwa na jina lake peke yake, naye akapata kazi katika mradi, madaftari yakabaki kwake. Marehemu aliisoma pale barazani, na nathibitisha kuwa hakusema lolote kuhusu jina. Alitafuta tarehe 17 Februari 1994, akakuta imeandikwa milimita kumi na nne. Siku zote sitini na tatu zilikuwa zimejazwa.

Alimfuata, nami nilikuwepo. Ndugu Kasmiri alisema, "Shemeji, wale wageni hawataki mashimo kwenye jedwali, na hizo ni siku chache tu, nani ataziona?" Marehemu akamwambia, "Shemeji, siku hiyo ulikuwa nasi makaburini, ulishika sepetu."

Mwezi Novemba alimwandikia mkuu wa mradi, akiorodhesha siku hizo moja baada ya nyingine kutoka kwenye orodha aliyokuwa ameitunza nyumbani. Walimu watano wa shule yake, waliokuwa wakipita mbele ya nguzo ile kila asubuhi, waliandika kwamba madaftari hayakuwa na siku iliyorukwa na kwamba mwenzao ana wivu. Aliniomba niweke sahihi kwenye barua yake, kwa kuwa nilikuwa afisa kilimo mwenye shahada na nilikuwa nikikagua kopo lile kila msimu. Wakati huo tulikuwa tunasubiri orodha ya watumishi watakaopunguzwa, nami nikamwambia asubiri kwanza. Hakuniomba tena. Nilipunguzwa kazi Juni 1999 hata hivyo.

Januari 2000 aliondolewa darasa la sita na la saba, akapewa darasa la kwanza, nguzo ikang'olewa, na kopo likawa la kumwagilia maua ya ofisi. Alifundisha darasa la kwanza vizuri. Nyumbani tulisimika kopo jingine na kuendeleza daftari la kumi na mbili, ambalo watoto walilianza yale kumi na moja yalipoazimwa.

Alianza kuugua Agosti 2001, ikaonekana ni figo, akatibiwa Bariadi na baadaye hospitali ya rufaa Mwanza. Januari mwaka huu aliomba aletewe madaftari ya watoto ayaone, na Ndugu Kasmiri akatuma ujumbe kwamba yameliwa na mchwa. Marehemu aliuliza kama ni yote kumi na moja. Alifariki Jumapili tarehe 9 Machi 2003, saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani, akiwa na miaka arobaini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bariadi na Mwanza, Baba Paroko, majirani waliotuchotea maji na kupika siku zote hizi, wabeja sana, walimu wenzake, wakiwemo wale watano ambao wote wamefika, na Ndugu Kasmiri Maganga, aliyetuma turubai hili tulilokaa chini yake. Tunamwomba pia atuletee kile ambacho mchwa wamekibakiza.

Tangu Jumapili mvua imenyesha kila siku, nanyi ni mashahidi. Katika daftari la kumi na mbili nimeandika kwa tarehe 9, 10, 11 na ya leo, 12 Machi: hatukupima, tuko msibani kwa Mwalimu. Nimeweka sahihi yangu, na Sayi ameweka yake. Pumzika kwa amani, Elina, siku hizi nne hazitajazwa na mtu.