Mwalimu Hezroni Mgonja na Mteremko wa Mbaga

Ndugu waombolezaji, mchungaji wetu, walimu, na majirani wa Mbaga na Same mliokuja kumsindikiza ndugu yetu, familia imenituma mimi mdogo wake, Eliufoo, niwasomee maisha ya Mwalimu Hezroni Mgonja, naye mwenyewe akiwa kitandani alinisihi kwamba siku hii nisimpambe, niyaseme mambo kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1936 hapa Mbaga, mtoto wa kwanza wa mzee Daudi Mgonja, akaanza shule ya misheni mwaka 1945, akaendelea na shule ya kati, kisha sekondari, na nchi ilipopata Uhuru alikuwa chuoni akisomea ualimu wa hesabu na fizikia. Januari 1963 aliajiriwa katika shule ya sekondari wilayani kwetu Pare, na waliosoma kwake wanakumbuka alivyoingia darasani na gololi mbili, ya chuma na ya kioo, akazigonganisha juu ya meza, akawaeleza kuwa nguvu ya kitu kinachokwenda ni uzito wake mara kasi yake, na kwamba kilichokwisha kuanza kwenda kitaendelea kwenda mpaka kikutane na cha kukizuia.

Tarehe 12 Desemba 1964 alifunga ndoa na Raheli, fundi wa kushona, mcheshi kuliko yeye, nao wakajaliwa watoto wawili, Rubeni mwaka 1966 na Rahabu mwaka 1969.

Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, nyumba yake ilipangiwa kijiji kipya upande wa Bendera, watoto wakabaki kwa bibi yao ili wafuate baadaye, na asubuhi ya tarehe 17 Septemba lori likapakia mabati, nguzo, magunia ya mahindi na watu juu yake. Mbele palibaki nafasi moja kando ya dereva, Mzee Mbaraka wa Same, na marehemu alimwita mkewe akae pale, lakini Raheli alicheka akasema, "Kaa wewe, Mwalimu, mimi nitashika cherehani yangu isije ikavunjika," akapanda juu ya shehena.

Dizeli ilikuwa shida siku hizo, na walipoanza kuteremka Mzee Mbaraka akatoa gia, akaliacha lori liserereke lenyewe ili kubana mafuta, kama alivyozoea likiwa tupu. Marehemu aliona, akajua papo hapo kwamba kwa mzigo ule breki peke yake hazitatosha, lakini aliyeshika usukani alikuwa rika la baba yake, na kumfundisha mtu mzima kazi yake mbele ya watu kulimshinda, basi akasema kwa kuzunguka, "Mzee Mbaraka, naona leo tutafika mapema." Mzee Mbaraka akajibu, "Tutafika, Mwalimu, chombo kinashuka chenyewe," na marehemu akanyamaza.

Kwenye kona ya chini palikuwa na trekta limeharibika katikati ya njia, breki zikakanyagwa, zikatoa moshi, hazikushika, lori likaligonga trekta na kulisukuma mpaka ukingoni, ndipo likasimama. Lori lilisimama, lakini waliokuwa juu hawakuwa na cha kuwazuia, wakaendelea na mwendo uleule, wengine wakaangukia majanini wakapona, Raheli akaangukia mawe, akafariki pale pale mikononi mwa mumewe.

Wiki iliyofuata alikwenda hospitali kumwona Mzee Mbaraka, aliyevunjika mguu, akamwamkia, kisha akamweleza yote aliyoyaona na kuyajua njiani. Mzee alimtazama, machozi yakimtoka, akamwuliza, "Mwalimu, kama ulijua, kwa nini hukuniambia?"

Kesi ya ajali ile ilipofika mahakamani alisimama akayarudia maneno hayohayo, bila kuulizwa, ingawa wengine kati yetu katika ukoo tulimkasirikia kwa kujibebesha lawama hadharani. Tangu hapo, kila alipofika Same, alikwenda stendi akawaambia madereva waziwazi, wakubwa kwa wadogo, kwamba lori lenye shehena na lori tupu hayasimami mahali pamoja hata yakienda mwendo mmoja, wengine wakamsikiliza, wengine wakamwita mwalimu aliyechanganyikiwa. Hakuoa tena. Alichochelewa mno ni kuwaeleza Rubeni na Rahabu kifo cha mama yao, akawaacha wasikie kwa watu, na kwa jambo hilo aliwaomba radhi mwaka jana tu, wakiwa wamekua kiasi.

Mwaka 1980 alianza kuugua moyo, akalazwa Same na baadaye Moshi, na tarehe 4 Juni 1982, saa nne asubuhi, akafariki dunia, Rahabu akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliolala nasi msibani, walimu wenzake, madereva wa Same, na kwa namna ya pekee Mzee Mbaraka, aliyekuja kwa mkongojo wake kuketi naye katika siku zake za mwisho.

Mwalimu, kaka yangu, watoto wako wamesema wamekusamehe, nasi tuliokukasirikia tumechelewa kukuambia neno hilohilo. Pumzika sasa, kwa amani ambayo hapa duniani ulijinyima mwenyewe.