Mia Thelathini kwa Themanini

AVIT: Haloo? Nani mwenzangu?

YUSTER: Haloo... Baba Evelyne. Ni mimi.

AVIT: Nani? Sauti inakatika—

YUSTER: Yuster. Mke wako.

AVIT: Yuster! Sasa hii namba ya nani?

YUSTER: Ya Agnetha jirani. Amenisindikiza hospitali. Habari za huko kisiwani?

AVIT: Unaniuliza habari za kisiwani? Nakupigia tangu jana mchana, hupatikani! Mama yangu anaanguka Kaagya, mimi naambiwa na ndugu yangu Audax aliyeko Muleba mjini! Simu yako iko wapi?

YUSTER: Ninayo. Niliizima.

AVIT: Imeisha chaji?

YUSTER: Hapana. Niliizima tu.

[Mtandao unakwaruza.]

AVIT: ...sikusikii. Mama anaendeleaje? Yuko hai?

YUSTER: Yuko hai. Ni kiharusi. Mshipa mmoja kichwani umeziba. Mkono wa kulia hauinuki, mdomo umekwenda upande. Anasikia kila kitu. Kusema ndiyo kazi.

AVIT: Ee Mungu wangu. Umekaa naye hapo?

YUSTER: Niko barazani.

AVIT: Nani yuko naye ndani?

YUSTER: Agnetha.

AVIT: Jirani ndiye amekaa na mama yangu, wewe uko barazani?

YUSTER: Ndiyo.

AVIT: Mama Evelyne, una nini? Halafu hii presha imetoka wapi? Si ulinitumia picha ya kadi yake mwezi jana? Mia thelathini kwa themanini! Niliwaonyesha wavuvi hapa mwaloni. Nikawaambia, mke wangu ni mhudumu wa afya wa kijiji, amemshusha mama yangu presha hadi—

YUSTER: Avit.

AVIT: —hadi zahanati wakampunguzia vidonge—

YUSTER: Avit, sikumpima.

AVIT: Siku hiyo hukumpima?

YUSTER: Sikumpima wiki kumi na moja. Mkanda wa mashine ulipasuka, ukawa unavuja upepo. Niliuangusha mimi, ulikuwa umefungwa kwenye baiskeli, gurudumu likaukanyaga. Nikaona haya kumwambia msimamizi. Mashine mpya, mwezi wa pili tu, nami nilijisifu sana siku ya kukabidhiwa. Nikasema nitatafuta fundi. Wiki ikapita. Nikawa nafika pale kwa Mama, nakaa kwenye benchi, naandika. Mia thelathini kwa themanini. Nikiona inafanana mno, naandika mia thelathini na mbili.

AVIT: Yeye amekaa anakuangalia?

YUSTER: Anamenya ndizi. Ananiangalia.

AVIT: Na hakusema kitu?

YUSTER: Unajua tulivyokuwa hatusemeshani. Tangu aliposema pale kwenye sala za jumuiya, mbele ya watu, kwamba mkwe wake amefundishwa siku tano anajiita daktari. Mashine ilipoharibika mimi... nitakwambia ukweli. Nilifurahi kidogo. Nikasema afadhali, sitamshika tena ule mkono.

AVIT: Yuster! Mama yangu!

YUSTER: Najua.

AVIT: Hujui! Mtu anakuamini, anakunyooshea mkono— [kelele za injini] —zima hiyo mashine, nipo kwenye simu! ...Yaani umemkaanga mama yangu kwa kalamu!

YUSTER: Sema yote. Lakini sikukupigia kwa ajili ya hilo tu. Asubuhi daktari aliniita kitandani, ameshika kadi. Akaniuliza, hii ndiyo presha yake ya siku zote? Nikasema ndiyo.

AVIT: Ukasema ndiyo?

YUSTER: Nesi yupo, wagonjwa wapo, Mama ananitazama. Mdomo ukasema ndiyo wenyewe.

AVIT: Sasa... hiyo imeshapita. Si wanampima wao leo?

YUSTER: Wanampima, iko juu sana. Ndiyo shida. Wewe unafahamu zile namba mbili maana yake?

AVIT: Nafahamu ikiwa juu ni mbaya.

YUSTER: Moyo ukijibana unasukuma damu, damu inapiga kuta za mishipa. Hiyo ndiyo namba ya juu. Ukilegea ujae tena, ndiyo ya chini. Na mishipa siyo bomba la plastiki. Inajitanua, inajikaza yenyewe, mwili unaiamrisha, damu isizidi wala isipungue kichwani. Sasa mtu aliyekaa na presha ya juu miaka, mishipa yake imekuwa migumu. Kichwa chake kimeshaizoea ile ya juu, kinaiona ndiyo kawaida. Ukiiteremsha ghafla, damu inakosa nguvu ya kufika.

AVIT: Ikikosa kufika?

YUSTER: Ule upande wa ubongo unaopigania kupona, unakufa na wenyewe.

AVIT: Na daktari—

YUSTER: Anaamini kichwa cha Mama kimezoea mia thelathini. Kwa sababu nimemwambia. Anarudi saa nne kuamua dawa ya kuirudisha hapo upesi.

AVIT: Saa hizi ni saa ngapi?

YUSTER: Saa nne kasoro kumi.

[Mtandao unakwaruza.]

AVIT: ...sikiliza. Boti yangu inatoka sasa hivi. Nikifika Kemondo napanda pikipiki. Nisubiri. Tutaongea naye pamoja. Tutasema mashine ilikosea.

YUSTER: Haikukosea. Haikuwepo.

AVIT: Watakufunga, Yuster! Utawaambia nini watu wa Kaagya? Evelyne shuleni atatazamwaje?

YUSTER: Hayo yote nimeyawaza usiku kucha. Sasa Mama anazo dakika kumi.

AVIT: Ungeyawaza wakati unaandika!

YUSTER: Ni kweli. Na wewe ulipokuwa unamletea kayabo, samaki amejaa chumvi mpaka anameremeta, nilikwambia mara ngapi?

AVIT: Usinigeuzie—

YUSTER: Basi. Sikugeuzii. Samahani. La kwangu ni la kwangu.

AVIT: Yuster.

YUSTER: Nakusikia.

AVIT: Alinipigia.

YUSTER: Nani?

AVIT: Mama. Kama wiki tatu nyuma. Akasema, mwanangu, huyu mke wako anakuja kuandika tu, hanipimi, na kichwa kinaniuma kisogoni. Nikasema, haya yameanza tena, wanawake hawa. Nilikuwa napimisha dagaa. Nikamwambia mtandao mbaya, Mama, nitakupigia.

YUSTER: Ukampigia?

AVIT: Sikumpigia.

YUSTER: ...Alijua, kumbe. Akakwambia wewe, mimi hakunitaja kwa mtu mwingine.

AVIT: Hata kwa Audax hakusema. Nimemuuliza.

YUSTER: Daktari huyo, anaingia wodini. Naenda.

AVIT: Ngoja! Yuster, subiri kidogo tu—

YUSTER: Usikate. Nakushika mkononi hivi hivi.

[Hatua. Mlango. Sauti za mbali, hazieleweki. Mtu anakohoa. Sauti ya mwanamume inauliza jambo, mara mbili.]

AVIT: Yuster? ...Haloo?

[Hatua. Mlango.]

AVIT: Mama Evelyne?

YUSTER: Nipo.

AVIT: Vipi?

YUSTER: Nimemwambia.

AVIT: Mbele ya Mama?

YUSTER: Mbele ya Mama. Alisema tutoke nje tuongee, nikasema hapana, nitasemea hapa.

AVIT: Akasemaje?

YUSTER: Akaniuliza, kipimo cha mwisho cha kweli ni kipi. Nikasema mia themanini na tano kwa mia na kumi. Akakata mstari juu ya kadi yote, akaiandika hiyo. Akamwambia nesi dawa ya dripu ya kuiteremsha haraka isiwekwe, wataishusha pole pole, kwa siku kadhaa. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua.

AVIT: Basi, tumepona.

YUSTER: Hatujapona. Akaniuliza nina watu wangapi kwenye daftari.

AVIT: Wangapi?

YUSTER: Thelathini na wawili. Akasema, na hao wengine je? Avit, nilikuwa simfikirii mwingine yeyote ila Mama. Mzee Rweyemamu nimemwandikia hivyo hivyo. Klaudia mjamzito, na yeye.

AVIT: Ee, Yuster...

YUSTER: Nampigia msimamizi wangu, Rugaibula, leo hii. Aje na mashine nyingine, tuwazungukie wote, na kila mmoja nimwambie mwenyewe kwa nini. Kazi wataninyang'anya. Wachukue.

AVIT: Na Mama? Amefanya nini uliposema?

YUSTER: Alifumba macho. Sijui. Nimerudi hapa mlangoni.

AVIT: Mpelekee simu.

YUSTER: Dakika za Agnetha zinaisha—

AVIT: Mpelekee, tafadhali. Weka sauti kubwa.

[Hatua.]

YUSTER: Mama... ni Avit. Naiweka hapa kwenye mto. [kwa mbali] Sema haraka.

AVIT: Mama, shikamoo. Ni mimi. Usijibu, pumzika. Mama, ile siku uliponipigia... mtandao haukuwa mbaya. Nilikuwa nakusikia vizuri sana. Nilikusikia ukisema kichwa. Nisamehe, waitu, mama yangu.

[Pumzi nzito.]

MAMA: Njo... njoo... ni.

AVIT: Nakuja, Mama! Niko njiani! Yuster, umesikia? Amesema njoo!

YUSTER: [kwa mbali] Hakusema njoo.

AVIT: Nini?

YUSTER: Amesema njooni.

AVIT: Sikupati, sogea kwenye simu—

YUSTER: Amesema njooni, Avit. Na amesogeza mkono, ule wa kushoto, amenipa kama... kama wa kupima. Sina mashine. Nifanye nini?

AVIT: Ushike tu.

YUSTER: Naona haya.

AVIT: Ushike hivyo hivyo. Boti inaondoka, wananiita. Yuster? Umeushika?

YUSTER: Nime—

[Simu imekatika.]