Mama Thérèse Kalala na Maharage Yaliyoshinda Baridi

Tarehe 31 Machi 1999, Mama Thérèse Kalala anastaafu baada ya miaka thelathini na sita katika kituo chetu cha utafiti wa mimea, Musienene, karibu na Butembo, mashariki mwa Kongo. Alitoka Kasai akiwa msichana mwenye diploma ya kemia, uhuru wa nchi ukiwa bado mchanga, na baridi ya vilima vyetu ikamfanya avae makoti mawili hata ndani ya maabara.

Baridi hiyo ndiyo ikawa kazi yake. Alitaka kujua kwa nini baadhi ya maharage hunyauka baada ya usiku mmoja wa baridi na mengine huamka mazima. Jibu alilitafuta katika utando mwembamba wa mafuta unaozunguka kila seli ya jani. Mafuta hayo yakikakamaa, utando hushindwa kazi yake, maji na chumvi za ndani zikavuja. Yakibaki laini, jani hupona. Wanafunzi aliwafundisha kwa kuweka nje, alfajiri, kikombe cha mawese na kikombe cha mafuta ya karanga. Mawese yaliganda; ya karanga yaliendelea kutiririka. Siku hizo sombe ya mchana, mboga yetu ya majani ya muhogo, ilipikwa bila mafuta, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Mwenzake wa utafiti alikuwa Siméon Mathe, mtaalamu wa mbegu, mzaliwa wa hapa. Walioana mwanzoni mwa 1964. Mwaka uleule uasi ulifika Butembo, na wafanyakazi wakakimbilia Kasugho. Wakiwa njiani, Siméon alikumbuka kwamba mbegu ya maharage yaliyoshinda baridi imebaki kituoni.

“Tangulia na benzetu wa kazi,” alimwambia mkewe. “Miye nakuja nyuma.”

Mbegu ilifika, imebebwa na jirani yao Kaswera. Siméon alimkabidhi barabarani, akarudi kuchukua iliyosalia. Hakuonekana tena, wala mwili wake haukupatikana.

Vita vilipotulia, Mama Thérèse aliipanda mbegu ile. Vipimo vyake vilionyesha kwamba mafuta ya utando wake hubaki laini hata kwenye baridi, na leo maharage hayo yanauzwa kila siku ya soko. Alipoitwa Kinshasa kwa cheo kikubwa, alikataa.

“Siméon aliniachaka hapa,” alimwambia mkurugenzi. “Akirudia, atanitafuta wapi?”

Ndiyo maana kuhama nyumba ya kituo kumemuuma kuliko kuacha kazi. Wiki iliyopita alifunga vyombo, akavifungua tena. Kaswera alimbembeleza ahamie kwake Butembo, lakini aliyemtuliza ni Ramazani, mlinzi wetu wa lango.

“Mama, mutu yeyote atakuulizia hapa, nitamuleta kwako miye mwenyewe.”

Mama Thérèse akamweleza Ramazani jinsi ya kumtambua Siméon: kijana mrefu, nywele nyeusi, anayetembea haraka kama aliyechelewa.

Asante, Mama Thérèse, kwa yote uliyotufundisha. Uishi Butembo kwa afya na amani. Lango tunalichunga.