Kikohozi cha Fundi Kitasa

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi binti yake wa kwanza nawasomea safari ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Kitasa, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1951, akiwa kitindamimba wa mshona viatu, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, kisha akajifunza ufundi wa makufuli, kazi aliyoifanya katika kibanda kilekile nyuma ya soko hadi mikono ilipoanza kutetemeka.

Tarehe 12 Agosti 1976 alifunga ndoa na mama yetu, wakajaliwa watoto watatu, na kwa kuwa alishinda kutwa akigonga milango ya watu, nyumbani kwake hakugonga wala kupiga hodi, alikohoa tu, nasi tukaitikia karibu, hata wajukuu wakadhani kila babu duniani hufanya hivyo.

Ndiyo maana mwezi huu wa Juni, mafua yalipomshuka kifuani, tulisikia kikohozi ukumbini, tukaitikia karibu, tukacheka, na yeye, mbishi wa kuzaliwa, akameza vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kwa jirani, akatangaza kuwa amepona.

Siku chache baadaye alianza kuhema, tukamkimbiza hospitali, ambako daktari alitueleza bila kutukaripia kwamba dawa zile huua bakteria, haziui virusi vya mafua, kwamba wengi hupona kwa kupumzika, kunywa maji ya kutosha na kushusha homa, ila mtu wa umri wake hupimwa mapema, kwani dawa ya virusi vya homa ya mafua husaidia zaidi ikianzwa mwanzoni, na anayepumua kwa shida hangojwi. Aliwekewa oksijeni, lakini nimonia ilikuwa imeshatangulia, akafariki tarehe 19, asubuhi.

Tangu hapo, ndugu zangu, kila jioni kikohozi chake husikika nje ya mlango, tukifungua hakuna mtu, hata waliokuja kutupa pole wamekisikia, naogopa kulisema hili mbele ya jeneza, na naogopa zaidi kwa sababu mama huitikia, "Karibu, mume wangu," na jana mama naye alianza kukohoa.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na mafundi wenzake, na mtuwie radhi, mama hatafika makaburini, kaka amempeleka hospitali sasa hivi.

Baba, mama bado tunamhitaji, usimwite, pumzika kwa amani.