Kigae cha Tatu cha Fairuz

Kila Ijumaa baada ya alasiri, nyuma ya jengo moja la Al Nahda, kijiwe cha watu watatu hukaa benchini kunywa kahawa chungu. Yupo Famau, mwana wa Mombasa, fundi wa vigae, mwaka wa kumi na saba huu yuko Dubai. Yupo Ramathan wa Uganda, mlinzi wa jengo, wanayemwita Kamera kwa sababu kutwa anakodolea macho kamera. Na yupo Ubeid Mzanzibari, muuza vitambaa Bur Dubai, wanayemwita Hakimu ingawa hajapata kumaliza kesi hata moja. Ijumaa hii Famau kahawa ilikuwa haimshuki. Binti yake Fairuz, aliyemwacha ana miaka miwili, yuko mafunzoni huko Mombasa: kaunti inakarabati nyumba zake kuukuu za kupangisha, na vijana wa mtaa wanafundishwa ufundi humo humo. Leo amemaliza ukuta wake wa kwanza, bafuni kwa bibi mmoja mzee, na kesho mwalimu anaukagua. Akamtumia babake sauti. Amegonga vigae vinne kwa kijiko, kimoja kimoja, kisha akauliza: "Baba, viko sawa?"

Cha tatu kililia kama debe. Saruji haikushika nyuma yake. Iko siku kitabanduka.

— Miaka yote hii sijamsahihisha hata daftari, alisema Famau. Leo neno langu la kwanza liwe "bomoa"?

— Mwambie mashallah, khalas! alisema Hakimu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mtoto si yuko kwenye mafunzo ya kujenga? Muache ufa, apate kazi!

— Hakimu, methali hiyo si ya hivyo, alisema Famau.

— Methali ni ya mwenye kuitumia.

Kamera akatikisa kichwa.

— Mimi nasema ni simu, bwana. Simu ya huko inaleta sauti tupu. Hata bibi yangu akiniongelesha, nasikia tupu.

— Vitatu vimelia vizuri kwa simu hiyo hiyo, Kamera.

— Basi ni hewa. Na hewa ni mzuri! Ule mzee ataoga na baridi yake, hapana kununua AC.

— Wallahi hilo nalo neno, alidakia Hakimu. Unadhani hili ghorofa letu limesimama kwa nini? Ndani tupu! Jepesi! Lingekuwa zito lingeshazama mchangani zamani.

— Eh! Siku upepo ikikuja, itaruka mpaka Sharjah. Na mimi mlinzi nitaifuata na kiti yangu.

Famau alicheka bila kupenda. Lakini moyo ulimuuma. Alijua angeweza kumdanganya mtoto kwa neno moja tamu, na mtoto angemwamini.

Barbara, Mganda kama Kamera, msafishaji wa hoteli aliyehamia jengo hilo wiki ile, alikuwa amesimama pembeni akingoja Kamera ammiminie kikombe.

— Samahani, ssebo, alimwambia Famau. Huyo mtoto anataka umsifu, ama anataka kujua?

Famau akapiga simu.

— Baba!

— Mama, ukuta wako umenyooka, nimefurahi sana. Lakini cha tatu kitupu. Chatakiwa kutoka.

— Najua, Baba. Nimekisikia tangu mchana.

— Sasa mbona waniuliza?



— Wenzangu hapa wakikwama huwapigia baba zao. Na mimi nimetaka kumuuliza wangu.

Machozi yalimtoka Famau mbele za watu, na hakuyaficha. Kamera akageuka kutazama ukuta. Hakimu akamsogezea kikombe chake.

— Haya, mama, alisema Famau. Chukua patasi. Anzia pembeni, polepole, usiguse jirani yake. Mimi sikati simu.