Mguu wa Kukanyaga Breki

Benchi lenyewe lilikuwa kiti cha nyuma cha gari, kimechomolewa zamani na kuegemezwa kwenye ukuta wa duka la kutoa fotokopi, springi zake zimechoka zaidi upande wa Injini Nyuma. Huyu alikuwa karani mstaafu, mtu wa mwili, na jina alilipata kwa sababu kigari chake cha miaka ya sabini kilikuwa na injini kule wengine wanakoweka mizigo, jambo ambalo hajaacha kulitangaza mpaka leo. Pembeni yake hukaa Hakimu, ambaye miaka yote kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga milango ya mahakama, ila hapa kijiweni kesi zote anakata yeye. Wa tatu ni Plagi, fundi wa magari, maneno yake machache. Kahawa wanamiminiwa na Mama Kahawa, na kwake gari ni gari tu.

Asubuhi hiyo Plagi alikuja na ombi moja dogo, na ilikuwa siku ya tatu anakuja nalo. Alihitaji mguu. Breki zikishaingia upepo lazima mtu mmoja akae ndani akanyage, mwingine alale chini afungue nati na kuutoa. Kazi ya watu wawili, haina ujanja. Shida ni kwamba aliwaambia wenzake kigari chake cha zamani alishakiuza. Mkewe alipofariki, miezi saba iliyopita, kila asubuhi walimuuliza kigari kinaendeleaje, kwa kuwa hawakujua namna ya kumuuliza yeye anaendeleaje. Akachoka, akasema amekiuza. Walinyamaza kweli, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza lolote. Sasa aombe mguu wa gari gani?

— Jamani, mimi nina jambo, alianza.

— Ngoja kwanza, alisema Injini Nyuma. Namalizia. Kagari kangu kalikuwa hakajui kuchemka! Wenzangu wamesimama kilimani na ndoo za maji, mimi napita nawapungia mkono.

— Unapunga mkono gani na dirisha lako lilikuwa halishuki? Hakimu alimkata.

— La kushoto lilikuwa linashuka.

— Lilikuwa linaanguka. Tofautisha. Sasa kaka, changu kile tulichokiita Sabuni, mkanda wa feni ulikatika porini, nikafunga soksi ndefu ya shemeji yako. Tulienda nayo wiki mbili!

— Wiki mbili? Shemeji alitembea na soksi moja wiki mbili?

— Alikaa ndani. Mama, niongezee.

Mama Kahawa akaongeza. Plagi alikuwa anaangalia viatu vya wenzake. Kiatu cha Injini Nyuma kilikuwa kipana, kizito, kiatu kizuri kabisa cha breki.

— Nilikuwa nasema hivi, alijaribu tena.

— Plagi, wewe fundi, tuamulie, alisema Injini Nyuma. Rejeta ikivuja, ukivunjia yai ndani, si inaziba?

— Inaziba kidogo. Ila mimi...

— Umesikia, Hakimu? Mimi nilitia mayai mawili, na nikifika nyumbani nafungua natoa ya kuchemsha.

— Kagari kasikojua kuchemka kamechemsha mayai? Acha chumvi!

— Na chumvi nilikuwa nayo, kwenye droo ya dashibodi.

Hata Plagi alicheka. Kicheko kilipoisha alijisikia vibaya kuliko mwanzo, maana alijua kicheko hicho kitaishia hapo benchini, na nyumbani atakwenda peke yake kama jana. Hakimu naye hakukubali kushindwa. Sabuni yake, alisema, ilikuwa inajua njia ya kazini; siku moja aliiacha inanguruma mlangoni akarudi ndani kuchukua miwani, kutoka akaikuta imeshafika kwenye kona na imewasha taa ya kushoto.

— Na ingeingia kushoto? aliuliza Injini Nyuma.

— Mahakama iko kushoto. Unauliza nini sasa?

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pale na bahasha ya vyeti, anasubiri duka lifunguliwe. Hawakuwahi kumwona. Alikuwa amesikia yote, na anatabasamu.

— Samahanini wazee wangu, shikamooni.

— Marahaba.

— Baba yangu alikuwa nacho kimoja. Kila akitoa upepo kwenye breki, mimi ndiye nilikuwa naitwa kukanyaga. Nikiwa shuleni anasubiri nirudi. Nyinyi mlikuwa mnakanyagiwa na nani?

Injini Nyuma alianza kuhesabu sarafu za kahawa. Yeye alikanyagiwa na mdogo wake, na ni miaka kumi sasa hawajasemezana. Hakimu aliangalia ndani ya kikombe. Kwake alikanyaga mwenye soksi, naye alishaondoka zamani, akaolewa kwingine. Duka likafunguliwa, mwanamke akaaga kwa adabu akaingia ndani na bahasha yake, wala hakujua amefanya nini.

— Mke wangu, alisema Plagi.

Wakamgeukia.

— Mimi nasema kanyaga, yeye anakanyaga, anajibu nimeshika. Miaka thelathini na moja. Kagari sikukauza, jamani. Niliwadanganya. Kapo uani, breki hakana, na mimi sina mtu wa kukanyaga.

Hakimu, ambaye hata kikombe kikipinduka hutoa hukumu, alikuwa ameshasimama. Injini Nyuma aliweka kikombe chake chini, kahawa ikiwa nusu.

— Siku zote hizi tunakaa hapa tunapiga porojo, na wewe gari unalo? Twende.

Uani kigari kilikuwa chini ya turubai, kisafi kuliko mwenyewe. Hakimu alikabidhiwa chupa ya mafuta ya breki asimame nayo. Plagi alijilaza chini, spana mkononi, na juu yake akasikia mlango ukifunguliwa, kisha mtu akihema.

— Plagi, siingii. Kiti kimekaribia usukani mno. Tumbo halipiti.

Mke wa Plagi alikuwa mfupi, na yeye ndiye wa mwisho kukaa pale.

— Sogeza, alisema.

Reli ikalia, kiti kikarudi nyuma chote.

— Kanyaga.

— Nimekanyaga!

— Sema nimeshika.

— Haya. Nimeshika.

Walikwenda hivyo gurudumu kwa gurudumu, kanyaga, nimeshika, achia, mpaka mafuta yakatoka bila povu hata moja. Sauti ilikuwa nzito, haikufanana hata kidogo, lakini breki zilishika. Zilishika vizuri sana. Plagi alibaki amelala chini huku anafuta spana iliyokwisha kuwa safi.

— Tayari? aliuliza Injini Nyuma. Basi nishuke, nikurudishie kiti chako. Kilikuwa kwenye tundu la ngapi la reli?

Katika kazi yake yote Plagi hakuwahi kulegeza kitu kabla ya kukipiga alama ya chaki, ajue pa kukirudisha. Vijana wote aliowafundisha aliwaambia hivyo siku ya kwanza.

— Plagi? La pili? La tatu?

— Sijui, alisema kutoka chini ya gari. Mke wangu alikuwa anakivuta mwenyewe.