Nyimbo za Akosua

Serwaa alikuwa amefumba macho apate usingizi ndani ya basi la Kumasi, lakini nyuma yake watu wawili wasiojuana walikuwa wakibishana juu ya nyimbo. Kijana aliyevaa nguo za msiba alikuwa akimsikilizisha mama aliyeketi kando yake nyimbo zilizomo katika simu ya dada yake marehemu.

“Huu wimbo ni wa hailaifu, dansi letu la Ghana; Akosua aliuimba akitwanga mihogo ya fufu. Huu ni rege. Huu wa kwaya. Na huu wa wachunga ng’ombe wa Marekani, ulikuwa unamliza.”

“Dada yako alikuwa na masikio ya soko zima,” mama akasema.

“Ndiyo maana nataka zote zipigwe kesho tukimzika. Wazee wa kanisa wanataka tenzi tu.”

“Wasikilize, mwanangu. Rege makaburini? Watu watasema mmezika mvuta bangi.”

“Hakuwahi kugusa hata sigara.”

“Hilo mnalijua nyinyi wa nyumbani.”

“Kwani tunamzika nani, mama? Yeye au hao watu?”

Mama, ambaye tangu Accra hakuwa amefunga mdomo, akaitazama ile simu. Kisha akasema taratibu, “Hebu niwekee tena ule wa ng’ombe.”

Wakausikiliza mpaka kituo cha Nkawkaw, ambako kijana alishuka na begi lake.

“Basi piga mmoja,” mama akamwambia kupitia dirisha. “Mmoja hauna neno.”

“Upi?”

Mama akafikiri. Serwaa naye, macho yakiwa wazi sasa, akafikiri. Basi likaondoka kabla hawajachagua.